Hofu Isiyo na Mwenyewe

Swali lenu la wiki hii limeuliza: hadithi ya kutisha hutisha zaidi ikitokea mahali unapopajua, au mahali usipopajua? Nadhani wasomaji wengi watasimama upande wa kwanza, na sababu wanazo. Mbuyu wa njiani, kisima cha zamani, nyumba iliyohamwa na watu wake, hivyo ndivyo vitu tulivyotishiwa navyo utotoni, na hofu ya utotoni haitoki upesi. Mimi nasimama upande wa pili, tena mwisho kabisa wa upande huo. Mahali panaponitisha ni Antaktika, bara la barafu la Ncha ya Kusini, ambako nimefika kwa njia moja tu, ya vitabu.

Kuna hadithi ambazo naziita za hofu ya ulimwengu. Ndani yake hakuna mchawi anayekuchukia wala maiti anayedai kisasi. Mhusika, mara nyingi msomi mwenye vipimo na daftari lake, anagundua kwamba dunia ni kongwe kuliko alivyofundishwa, kwamba ilikuwa na wenyewe wengine kabla ya binadamu, na kwamba haina habari naye. Kugundua huko ndiko kunakomvunja. Waandishi wamezipeleka hadithi hizi baharini, mijini na mashambani, ila zile zilizopelekwa kwenye barafu ndizo zilizoiva.

Ya mwanzo iliyo kubwa ni ya Mmarekani Edgar Allan Poe, iliyochapishwa 1838, juu ya kijana Arthur Gordon Pym anayesafiri kusini hadi maji ya bahari yanakuwa ya moto na yenye rangi ya maziwa, na hadithi inakatika ghafla mbele ya umbo kubwa jeupe. Wakati huo ilikuwa miaka 18 tu tangu mabaharia walipoliona bara lile kwa mara ya kwanza, 1820. Huko Marekani walikuwapo watu, wakimfuata John Cleves Symmes, walioamini kwa dhati kwamba dunia ina uwazi ndani na milango yake iko kwenye ncha zake mbili. Ramani ilikuwa haijaandikwa kitu, na mwandishi aliweza kuweka humo lolote.

Lakini iliyonishika mimi ilikuja karibu karne moja baadaye. H. P. Lovecraft alizaliwa 1890 katika mji wa Providence, Marekani, akafariki huko huko 1937. Hakuwahi kutoka Amerika Kaskazini, na baridi ilimdhuru vibaya. Hata hivyo, tangu utotoni alikuwa akijiandikia vijitabu juu ya safari za wapelelezi wa Antaktika. Mwaka 1931 aliandika hadithi ndefu, At the Mountains of Madness. Jarida la Weird Tales liliikataa, na hatimaye ikatoka katika Astounding Stories kwa sehemu tatu, Februari hadi Aprili 1936, ikiwa imekatwakatwa kwa namna iliyomkasirisha sana mwandishi.

Siwezi kueleza kwa nini inanitisha bila kufunua yaliyomo, kwa hiyo asiyeisoma aniwie radhi. Mwaka 1930 msafara wa chuo kikuu unatoka Boston kwenda Antaktika kutafuta visukuku, mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Wana ndege, wana mbwa wa kukokota sleji, wana mashine mpya ya kuchoronga miamba. Msimulizi ni mwanajiolojia, Profesa Dyer, na anaandika baada ya miaka ya kunyamaza kwa sababu msafara mwingine unajiandaa kwenda huko na mashine kubwa zaidi. Anawasihi wasiende. Fikirieni jambo hilo: mtu aliyetoa maisha yake yote kwa ajili ya elimu anaomba watu waache kutafuta. Kila ukurasa unaofuata ni ushahidi wa ombi hilo, na kila ushahidi anautoa shingo upande.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ile ya ujumbe wa redio. Mwanabiolojia Lake na kundi lake wamekwenda mbele, wamegundua milima mirefu kuliko Himalaya, na chini yake pango lenye viumbe 14 ambao hakuna aliyewahi kuona mfano wao: miili kama mapipa, vichwa vya ncha tano kama kiti cha pweza, mabawa, ngozi ngumu isiyooza kwa mamilioni ya miaka. Dyer na wenzake wameketi kambini kwao wakipokea taarifa moja baada ya nyingine. Furaha ya Lake inapanda. Anapasua mmoja. Mbwa hawataki kuwasogelea wale viumbe, wanabweka bila kukoma. Usiku unaingia upepo mkali, na asubuhi redio ya Lake iko kimya. Kwa kurasa nyingi hakuna aliyeguswa wala kufukuzwa, ni sauti ya redio tu, na msomaji tayari ana baridi ya mgongo. Wakati ule magazeti ya Marekani yalikuwa yamejaa habari za Richard Byrd, aliyerusha ndege juu ya Ncha ya Kusini Novemba 1929, na Lovecraft aliziandika taarifa za Lake kwa lugha ile ile ya habari.

Dyer anapofika anakuta watu wamekufa, mbwa wamekufa, mtu mmoja na mbwa mmoja hawaonekani. Viumbe sita walioharibika wamezikwa wima chini ya vichuguu vya theluji. Wanane waliokuwa wazima hawapo. Na juu ya meza ya maabara, kuna mtu aliyepasuliwa kwa uangalifu mkubwa.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Mimi nimekulia kwenye visa vya majini na mizimu, na sivichukulii kama upuuzi. Lakini hofu ya huku kwetu ina mwenyewe. Jini lina jina, lina kabila, lina kwao, na lina linalotaka: ubani, kombe, ngoma, au kuachwa lilipo. Mzimu una watu wake. Ukipatwa na jambo, utaulizwa umemkosea nani, umepita wapi, umevunja mwiko gani, na mganga au shehe atajua pa kuanzia. Hata magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo husemwa yana walinzi wasioonekana, ni nyumba za watu waliokuwa na misikiti, visima na makaburi kama yetu. Unaweza kuwasalimu.

Na fasihi yetu wakati mwingine imekwenda hatua zaidi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, maiti anakutwa mahali pa mzimu na watu wanatetemeka, mpaka Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, kwa utulivu wake na kiko chake, anafuatilia mpaka anamfikia binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Naipenda riwaya ile kwa moyo wote. Ukifukua mzimu, chini yake unamkuta mtu.

Kwenye barafu ya Lovecraft unafukua, unafukua, na mtu hayupo. Dyer na mwanafunzi wake Danforth wanarusha ndege juu ya ile milima na kuukuta mji wa mawe usio na mwisho, ulioachwa kabla ya binadamu kuwapo. Michongo ya ukutani inaeleza historia ya wale viumbe waliotoka kwenye nyota, jinsi walivyoijenga miji ya baharini na ya nchi kavu, jinsi walivyotengeneza uhai wa kwanza kwa matumizi yao. Sisi tumo mahali padogo sana: mnyama mmoja mzito wa mwendo, aliyefugwa kwa ajili ya chakula na wakati mwingine mchezo, anayefanana kidogo na watakaokuwa mababu zetu. Hakuna aliyewakosea. Hakuna wa kumwomba msamaha wala wa kumchinjia. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mahali: usipopajua panatisha zaidi iwapo hapakuwahi kuwa na wa kukujua.

Kuna na suala la kuoza. Huku kwetu nyumba ikiachwa mvua mbili tatu, mchwa wanakula mihimili, mtini unapasua ukuta, na baada ya kizazi kimoja mgeni hajui kama paliishi mtu. Tunalalamika, lakini uozo ule hutuhifadhi, kwa sababu yaliyopita yanaturuhusu tuyaache. Barafu haina huruma hiyo. Kibanda alichokijenga Mwingereza Robert Scott huko Cape Evans, Antaktika, mwaka 1911 bado kimesimama na makopo ya chakula rafuni. Mwaka 2017 wahifadhi kutoka New Zealand walikuta keki ya matunda katika kibanda cha Cape Adare, huko huko Antaktika, ya miaka kama 106, ndani ya bati lililoota kutu, na wakasema inanukia karibu kama ya kulika. Mahali kama hapo, neno "zamani" linapoteza kinga yake. Lake aliwatoa viumbe wale wa kale pangoni akadhani ni visukuku.

Lazima niseme jambo gumu, kwa sababu msomaji Mwafrika hawezi kulikwepa. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, kwa barua zake na kwa maandishi yake. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani wa asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya World Fantasy, ambayo wakati ule ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft, naye akaeleza hadharani uzito wa kuweka nyumbani kichwa cha mtu aliyeandika shairi la kuwatusi Weusi. Baada ya 2015 sanamu ile ikaachwa. Nilipolijua hili sikukitupa kitabu. Nilianza kukisoma kwa jicho kali zaidi, nikaona jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha.

Mwaka 1920 mtu huyu huyu aliandika hadithi fupi juu ya ukoo wa Kiingereza wa Jermyn na mji wa magofu katika misitu ya Kongo. Magofu yapo, ukale upo, siri ipo. Na yote inaishia kwenye karaha ya damu iliyochanganyika, Mzungu kugundua kwamba bibi yake wa vizazi vitano nyuma alikuwa sokwe mweupe. Alikuwa anafuata njia iliyokanyagwa tayari. Tangu Rider Haggard katika miaka ya 1880, waandishi wa Uingereza waliijaza Afrika miji iliyopotea, iliyojengwa na yeyote yule isipokuwa wenyeji. Mchezo huo haukuishia kwenye riwaya tu: magofu ya Zimbabwe yalipewa Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanon, na wengine, mpaka utafiti wa mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson wa 1929 ulipothibitisha kwa mara nyingine kwamba ni kazi ya Waafrika. Hadithi ya mji uliopotea, popote penye watu, ni lazima kwanza iwanyang'anye wenyeji nyumba yao.

Antaktika haina mwenyeji wa kunyang'anywa. Lovecraft alipoupeleka mji wake huko, chuki yake ilikosa mtu wa kumshika. Alibaki na mawe, barafu, muda, na wale viumbe, na ikambidi awatazame. Ndani ya mji Dyer anamkuta yule mtu aliyepotea na mbwa wake, wamefungwa vizuri kwenye sleji kama sampuli. Anaelewa kwamba wale walioamka kambini walifanya kwa watu kile kile Lake alichowafanyia wao. Waliamka kwenye baridi, wakazungukwa na wanyama wanaobweka na viumbe wa ajabu wenye visu, wakajitetea, kisha wakachunguza, kama wanasayansi. Na Dyer, aliyefika akiwa na hofu na hasira, anawalilia. Anasema walikuwa watu. Kwa kalamu ya mwandishi yule, kuhusu viumbe wenye vichwa vya ncha tano, sentensi hiyo ni ya kushangaza. Sijui sehemu nyingine katika kazi zake alipofika mbali hivyo, na naamini ni mahali palipomfikisha.

Safari ile haikukamilika, hata hivyo. Wale viumbe walikuwa na watumwa, Shoggoth, nyama isiyo na umbo iliyotengenezwa kubeba mizigo na kujenga miji. Baada ya muda watumwa wakapata akili, wakaasi, wakapigwa, na mwisho wakawashinda mabwana wao. Dyer anawahurumia mabwana na kuwachukia watumwa kwa maneno ambayo hayafichi kitu. Msomaji wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu, hawezi kupita hapo haraka. Mimi huwa najiuliza Dyer alijua nini juu ya Shoggoth zaidi ya yale yaliyochongwa ukutani, na ukuta uliochongwa na nani? Mabwana. Hata sauti, Shoggoth hawana yao: wanaiga ile ya waliowamiliki. Waandishi Weusi wa Marekani wameingia humu wakafukua vilivyo. Toni Morrison, katika kitabu chake cha 1992, alilichambua umbo jeupe la Poe na kuonyesha weupe ule unafanya kazi gani katika fasihi ya nchi yake, na 2011 Mat Johnson alitoa riwaya yake Pym, ambamo mhusika mkuu ni mwalimu Mweusi anayeelekea Antaktika kumfuata Poe.

Mtu atauliza, na barafu ya kaskazini, Aktiki, je? Kaskazini kuna watu, na hilo linabadilisha kila kitu. Meli za Mwingereza John Franklin, Erebus na Terror, zilipotea huko na watu 129 baada ya kuondoka Uingereza 1845. Wainuit, wenyeji wa huko, walimweleza msafiri John Rae, 1854, kilichotokea: njaa, na mabaharia kula nyama ya wenzao. Mwandishi Charles Dickens akakataa kuwaamini, akawashuku wao wenyewe kwa mauaji. Meli zilipatikana 2014 na 2016, maeneo yale ambayo Wainuit walikuwa wakiyataja kwa vizazi. Hadithi inayoifanya Aktiki kuwa ukiwa usio na mtu huanza kwa kuwafuta waliokuwa wakizungumza.

Mwandishi Mmarekani John W. Campbell naye alipeleka hofu kusini, katika Who Goes There? ya 1938: kiumbe kilichotolewa kwenye barafu kinaweza kuwa mtu yeyote kambini. Ni hadithi nzuri sana, imeshazaa filamu, ila kwangu ni hofu ya jirani. Ungeweza kuihamishia jela au melini ikasimama.

Ya Lovecraft haihami, na sababu ni miamba. Msimulizi wake anazitaja nadharia za mwanasayansi Mjerumani Wegener, kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja yakaachana, wakati wanajiolojia wengi wa Marekani walikuwa wakizicheka. Alfred Wegener mwenyewe alifia kwenye barafu ya Greenland Novemba 1930, na Lovecraft akaandika hadithi hii miezi michache baadaye, kabla mwili haujapatikana. Ushahidi mmoja wa nadharia hiyo ulikuwa umekwisha kuvutwa kwa mikono juu ya barafu. Scott na wenzake, waliofika Ncha ya Kusini Januari 1912 wakakuta Mnorwe Amundsen amewatangulia, walirudi wakiwa taabani, na bado hawakuyatupa mawe ya kilo 16 waliyoyaokota njiani. Yalikutwa na maiti zao Novemba mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na majani ya Glossopteris, mmea wa zaidi ya miaka milioni 250. Majani ya Glossopteris yamo pia katika miamba ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kwa sababu nchi hizi mbili zilikuwa bara moja. Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba hadithi za barafu hazituhusu. Sehemu ya udongo wa Songea na ule wa Antaktika walizaliwa pamoja.

Sayansi tangu hapo imekwenda kwenye njia ambayo Dyer aliiogopa. Mwaka 1958 Warusi waligundua safu nzima ya milima chini ya barafu ya Antaktika, Gamburtsev, inayolingana na milima ya Alps, na hakuna jicho lililoiona kwa sababu kilele chake cha juu kimefunikwa kwa mamia ya mita. Februari 2012 wachorongaji wa kituo cha Vostok, cha Warusi huko huko, mahali palipopimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri mwaka 1983, walilifikia ziwa lililo chini ya karibu kilomita nne za barafu. Nilifurahi kusoma habari zile, kwa sababu naipenda elimu. Na nilimkumbuka Dyer.

Kwa msomaji atakayejaribu: kurasa za mwanzo ni nzito, zimejaa majina ya miamba na vipimo. Usiziruke, ndizo zinazokuaminisha. Na kwa wachapishaji wetu: mwandishi amefariki tangu 1937, muda wa hakimiliki kwa sheria za Kenya na Tanzania umekwisha pita, na sijakutana bado na tafsiri ya Kiswahili. Anayeweza kazi hiyo aianze, na dibaji yake iseme wazi mwandishi alikuwa mtu wa namna gani.